Bweta na Diwani: Maelezo juu ya Kukusanya Picha za Yasujiro Ozu

Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuacha diwani. Alitunga mashairi, watu wakayahifadhi vifuani mwao, na miaka mingi baada ya kufa kwake Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wakayakusanya na kuyaandika. Kisha mwaka 1940 W. Hichens akayatoa katika kitabu. Kila amsomaye Muyaka leo amsoma Muyaka aliyekusanywa na kupangwa na wengine. Wataalamu wa ushairi walijua neno hilo zamani, na kwa hiyo hawakifungui kitabu cha namna hiyo bila ya kukiuliza: nani amekusanya, kwa nakala zipi, nini kimeachwa, na maelezo yake ni ya nani.

Hali iyo hiyo imetokea katika sanaa iliyo changa zaidi, yaani sanaa ya sinema. Tangu sahani za DVD zilipoenea duniani, na baadaye sahani za Blu-ray, makampuni yamezoea kuzikusanya picha za mwongozaji mmoja na kuzitia katika bweta moja lenye sahani kadhaa, pengine na kijitabu cha maelezo. Bweta huuzwa kwa jina la mwongozaji, si kwa jina la picha. Nalo humwambia mnunuzi, ingawa si kwa maneno, kwamba humu ndani ndimo alimo mtu mzima na kazi yake. Makala haya yaeleza jambo hilo kwa mfano wa mwongozaji mmoja wa Japani, Yasujiro Ozu. Kusudi lake ni kuonyesha kwamba bweta ni toleo lililohaririwa kama diwani ilivyo, na kwamba mkusanyaji asiyelichukua hivyo hupungukiwa, hasa akiwa ni mtu wa lugha.

I. Mwenye Kazi

Ozu alizaliwa Tokyo tarehe 12 Desemba 1903, akafariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60 barabara. Kaburi lake liko katika hekalu la Engaku-ji, Kamakura ya Kaskazini, na juu ya jiwe hakuna jina lake illa herufi moja tu isomwayo mu, ambayo maana yake ni kutokuwako kitu. Aliingia katika kampuni ya Shochiku mwaka 1923 kama msaidizi wa mpiga picha, akapewa kuongoza picha yake ya kwanza mwaka 1927. Tangu hapo alitengeneza picha zaidi ya 50. Nyingi katika hizo za baadaye aliziandika pamoja na mwandishi Kogo Noda.

Habari za picha zake ni chache na hurudiwa: binti aliyefikia umri wa kuolewa na mzazi atakayebaki peke yake, wazee waliokwenda kuwatazama watoto wao mjini wakaonekana mzigo, mtumishi wa ofisi na mshahara wake. Kamera huwekwa chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi juu ya mkeka, na mara nyingi haisogei kabisa. Kwa kuwa mambo yake ni machache na yarudiwa kwa mabadiliko madogo, mwongozaji huyu hufaidi kukusanywa kuliko wengi. Picha yake moja ni nzuri peke yake. Lakini picha zake kumi zikiwekwa pamoja huelezana.

II. Yaliyopotea

Kwanza hapana budi kujua yasiyoweza kukusanywa. Picha ya kwanza ya Ozu, Zange no yaiba ya mwaka 1927, haiko tena. Zilizosalia katika kazi yake yote ni zaidi ya 30, na karibu zote zilizopotea ni za siku za picha bubu. Daigaku wa deta keredo ya mwaka 1929, picha ya kijana aliyehitimu chuo kikuu asipate kazi, imebaki vipande vya dakika kumi na moja hivi. Sababu za hasara hiyo ni za kawaida katika historia ya sinema ya Japani: ukanda wa naitreti huwaka upesi na kuoza upesi, makampuni hayakuona faida ya kuzitunza picha bubu baada ya sauti kuja, na vita viliiteketeza miji.

Tena liko pungufu la pili, ambalo bweta haliwezi kulijaza hata kama ukanda umesalimika. Picha bubu ya Japani haikuwa bubu ilipoonyeshwa. Kando ya kitambaa alisimama msimulizi aitwaye benshi, akiwasemea watu wa ndani ya picha na kuwaeleza watazamaji mambo yanayotendeka. Wako benshi waliokuwa mashuhuri kuliko waigizaji wenyewe. Ozu alishikamana na picha bubu kwa muda mrefu, na picha yake ya kwanza ya hadithi yenye maneno ya kusikika, Hitori musuko, ilitoka mwaka 1936 tu. Basi anunuaye leo picha zake bubu apata kiwiliwili bila sauti iliyokuwa ikikihuisha. Wanafunzi wa tenzi hawana haja ya kuelezwa zaidi: karatasi hushika maneno, mahadhi yakaenda zake na mwimbaji.

III. Mabweta na Wapangaji Wake

Mwaka 2003, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Ozu, kampuni ya Shochiku ilianza kutoa huko Japani mabweta ya DVD ya picha zake, mafungu manne kwa jumla. Mtu angedhani kwamba kampuni aliyoitumikia karibu maisha yake yote ndiyo iwezayo kutoa mkusanyo kamili. Sivyo. Picha tatu za baada ya vita Ozu alizitengenezea makampuni mengine: Munekata kyodai ya mwaka 1950 aliitengenezea Shintoho, Ukigusa ya mwaka 1959 aliitengenezea Daiei, na Kohayagawa-ke no aki ya mwaka 1961 ilitengenezwa na Takarazuka Eiga ikatolewa na Toho. Haki za picha hizo hazikuwa za Shochiku. Kwa hiyo mpaka wa bweta haukuchorwa na fundi wala na mhakiki. Ulichorwa na mkataba.

Huko Marekani kampuni ya Criterion ilianzisha mwaka 2007 mfululizo uitwao Eclipse, wa mabweta ya bei nafuu yasiyokuwa na maelezo mengi. Bweta la tatu katika mfululizo huo laitwa "Late Ozu", yaani Ozu wa miaka ya mwisho, nalo lina picha tano: Soshun, Tokyo boshoku, Higanbana, Akibiyori, na Kohayagawa-ke no aki. Lakini msomaji akihesabu ataona ajabu. Picha ya mwisho kabisa ya Ozu, Sanma no aji ya mwaka 1962, haimo. Wala hazimo Ohayo na Ukigusa, zote mbili za mwaka 1959. Hizo kampuni ilizitoa mbalimbali, kila moja kwa sahani yake. Jina la bweta ni kweli kwa kila picha iliyomo, na si kweli kwa jumla yake. Mwanafunzi atakayeandika juu ya "Ozu wa mwisho" kwa kulitegemea bweta hilo peke yake atakuwa ameandika juu ya orodha ya muuzaji.

Mabweta mengine mawili ya mfululizo huo yamepangwa kwa aina ya hadithi: moja la mwaka 2008 lina picha tatu bubu za kuchekesha juu ya jamaa za nyumbani, na jingine la mwaka 2015 lina picha tatu bubu za wahalifu. Nayo British Film Institute ya London ilifanya mfano wa hayo, ikatoa mwaka 2012 mkusanyo wa picha za wanafunzi na mwaka 2013 mkusanyo wa picha za majambazi. Kupanga kwa aina kuna faida yake, kwa maana humwonyesha mtazamaji kwamba Ozu wa ujana alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema ya Marekani, na kwamba hakuzaliwa na kamera yake chini mkekani. Lakini kuna hasara pia. Picha za jamaa na picha za wahalifu zilitengenezwa na mtu mmoja katika miaka ile ile, akizishika zote kwa mikono miwili. Bweta humtenga akawa watu wawili.

IV. Majina ya Picha

Mtu wa lugha atakutana na kazi yake hata kabla ya kufungua bweta, kwa maana majina ya picha hizi yametafsiriwa kwa namna inayostahili kuchunguzwa. Ozu alipenda kuzipa picha majina ya majira. Banshun ya mwaka 1949 ni mwisho wa majira ya kuchipua, na Soshun ya mwaka 1956 ni mwanzo wake. Hapo mfasiri hana taabu. Taabu yaanza kwa Bakushu ya mwaka 1951. Neno hili huandikwa kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa ni shayiri na nafaka za jamii yake, ya pili ikiwa ni majira ya kupukutika majani, yaani majira ya mavuno. Maana yake ni msimu wa mavuno ya shayiri, nao hutukia mwanzoni mwa joto. Waingereza na Wamarekani huiita picha hiyo kwa jina la mwanzo wa kiangazi, na kalenda haikukosewa. Lakini shayiri imekwisha tupwa, pamoja na fikira kwamba kilichoiva sharti kivunwe. Kwa picha ya binti anayeiacha nyumba ya wazazi hilo si neno dogo.

Kohayagawa-ke no aki ni vuli ya nyumba ya Kohayagawa. Kwa Kiingereza imekuwa mwisho wa kiangazi. Sanma no aji ni ladha ya sanma, samaki mwembamba aliwaye sana wakati wa vuli. Kiingereza kimeigeuza kuwa alasiri ya vuli, na Kifaransa kikaigeuza kuwa ladha ya sake. Samaki mmoja amekuwa saa ya mchana katika nchi moja na kinywaji katika nchi nyingine.

Na Kiswahili nacho kingekuwa na mtihani wake. Akibiyori ya mwaka 1960 ni siku njema ya vuli, yenye anga safi na jua la upole. Wafasiri wa Kiswahili wamezoea kulitumia neno vuli kwa majira hayo ya kaskazini, lakini kwa mkulima wa pwani vuli ni mvua. Mwambie "siku njema ya vuli" naye atatazama kama mbegu zimeota. Jina lililokusudiwa kueleza utulivu wa mwisho wa umri lingekuwa kwake habari ya kupanda.

V. Usemi na Maandishi ya Chini

Asiyejua Kijapani huyafuata mazungumzo kwa maandishi yanayopita chini ya picha. Maandishi hayo hayana budi kuwa mafupi, kwa kuwa jicho lina muda mchache. Na kinachokatwa kwanza, aghalabu, ni kile ambacho mtaalamu wa lugha angekitaka kwanza.

Katika Tokyo monogatari ya mwaka 1953, wazee wawili watoka Onomichi, mji wa mkoa wa Hiroshima, waenda Tokyo kuwatazama watoto wao. Wazee wasema kwa usemi wa kwao. Watoto waliokwisha kukaa mjini wasema kwa usemi wa Tokyo. Umbali kati ya wazazi na wana wasikika katika kila jibu kabla ya tendo lo lote la kukosa adabu. Katika maandishi ya Kiingereza wote husema lugha moja iliyonyoka. Ni kama kumwandikia mzee wa Vumba na mjukuu wake wa Dar es Salaam maneno ya namna moja, kisha kumtaka msomaji ahisi kwamba wametengana.

Kadhalika viko viwango vya heshima, ambavyo Kijapani huvionyesha katika kitenzi chenyewe, na majina ya ujamaa. Mke na mume wa Kijapani wakishapata watoto huweza kuitana okasan na otosan, yaani mama na baba. Mfasiri wa Kiingereza huyaacha au huyageuza kuwa "mpenzi", maana kwa Mwingereza mume amwitaye mkewe mama ni wa kuchekwa. Mswahili aliyezoea kusikia Mama Asha na Baba Asha hangeona tatizo. Hapa yaonekana kwamba maandishi ya Kiswahili, kama yangeandikwa kutoka katika Kijapani chenyewe wala si kutoka katika Kiingereza, yangeweza kuyashika mambo ambayo yale ya Kiingereza yameyaachia.

VI. Faida ya Kuziweka Pamoja

Yote haya si sababu ya kuliacha bweta. Faida yake ni kubwa, nayo ni ile ile ya kuwa na nakala mbili za utenzi mmoja juu ya meza moja.

Katika Banshun mwigizaji Setsuko Hara ni binti asiyetaka kuolewa ili asimwache baba yake mjane. Miaka kumi na moja baadaye, katika Akibiyori, mwigizaji huyo huyo ni mama mjane, na binti ndiye asiyetaka kumwacha. Mwenye picha moja ameona hadithi. Mwenye zote mbili ameona uso ule ule ukikaa upande wa pili wa mkeka.

Mfano wa pili wawahusu wanalugha hasa. Katika Umarete wa mita keredo, picha bubu ya mwaka 1932, watoto wawili wa kiume wagundua kwamba baba yao humnyenyekea mkubwa wake wa kazi, nao wagoma kula. Mwaka 1959 Ozu aliirudia fikira hiyo katika Ohayo, jina ambalo maana yake ni salamu ya asubuhi. Safari hii watoto wataka televisheni. Baba awakemea kwamba wana maneno mengi. Nao wajibu kwamba wenye maneno mengi ni watu wazima, wasemao daima habari za asubuhi, habari za jioni, leo hewa ni nzuri, waenda wapi, aa, ndivyo. Kisha wagoma kusema. Majirani, walioamkiwa wasijibiwe, wadhani wamechukiwa, na mtaa mzima waingia fitina.

Zikitazamwa pamoja, picha hizo mbili zatoa somo ambalo kila moja peke yake haina. Katika picha bubu mgomo wa kunyamaza usingeonekana, kwa kuwa wote wamenyamaza. Sharti watoto wagome kwa tumbo. Sauti ilipokuja, ndipo kimya kikawa silaha. Na mwisho wa Ohayo kijana na msichana waliopendana bila kuambiana wasimama kwenye kituo cha gari la moshi wakizungumza juu ya hewa na mawingu tu. Watoto walikuwa na haki kwamba maneno yale hayana habari ndani yake. Walichokosa kujua ni kwamba hayakuwekwa kwa ajili ya habari. Mswahili, ambaye salamu zake zaweza kuulizia nyumbani, kazini, na watoto kabla ya shughuli kuanza, hahitaji mfasiri kwa jambo hilo.

VII. Toleo Hupitwa na Wakati

Lakini bweta likishafungwa halibadiliki, na elimu husonga mbele. Chichi ariki, picha ya mwaka 1942 juu ya baba mwalimu na mwanawe, ilijulikana kwa miaka mingi kwa nakala iliyokatwa baada ya vita, mambo yenye kuusifu utawala wa vita yakiondolewa. Hiyo ndiyo iliyoingia katika sahani za siku zile, pamoja na toleo la Criterion la mwaka 2010. Nakala nyingine ilikuwako katika hifadhi ya Gosfilmofond huko Urusi, yenye sehemu ambazo nakala ya Japani haikuwa nazo. Na kwa kuziunganisha, picha ilitengenezwa upya na kuonyeshwa katika Tamasha la Filamu la Venice mwaka 2023. Mwenye toleo la zamani ana picha iliyosafishwa na wakaguzi, naye huenda akamsifu Ozu kwa kunyamaza juu ya vita mahali ambapo Ozu hakunyamaza.

Tokyo monogatari nayo hasi yake ya asili iliteketea kwa moto, na kila nakala ya leo yatoka katika nakala nyingine. Ukanda ulisafishwa upya kwa mitambo ya kisasa ilipotimia miaka 110 ya kuzaliwa kwa Ozu, mwaka 2013. Sahani za kabla ya hapo na za baada yake zina jina moja, na si kitu kimoja.

VIII. Mambo ya Mashine

Limebaki jambo la vyombo, nalo ni fupi. Sahani za DVD zimegawanywa kwa sehemu za dunia: za Marekani ni sehemu ya 1, za Japani na Ulaya ya Magharibi ni sehemu ya 2, na Afrika ya Mashariki ni sehemu ya 5. Blu-ray za Japani na Marekani ni za alama A, na Afrika imewekwa pamoja na Ulaya katika alama B. Mkusanyaji wa Nairobi au Zanzibar anunuaye bweta kutoka Marekani sharti awe na mashine isiyofungwa kwa sehemu moja.

Liko na lililo zito zaidi kwa wachunguzi wa matamshi. DVD zilizotengenezwa kwa mtindo wa PAL, unaotumika Ulaya na Afrika ya Mashariki, aghalabu huiendesha picha kwa mwendo wa 25 kwa sekunde badala ya 24. Tokyo monogatari yenye dakika 136 huisha kwa dakika 131 hivi, na sauti ikiachwa bila kurekebishwa hupanda. Apimaye kasi ya usemi au kimo cha sauti kwa sahani hiyo atakosea kwa asilimia nne, na kosa lake halitaonekana popote katika hesabu zake.

Hitimisho

Basi anayekusanya mabweta ya Ozu, na vilevile ya mwongozaji mwingine ye yote, na aliulize kila bweta maswali matano. Nani amechagua, na kwa haki ya nani? Nini hakimo, na je, hakimo kwa kuwa kimepotea au kwa kuwa ni mali ya mwingine? Ukanda umetoka katika nakala ipi, na ya mwaka gani? Maandishi ya chini yametafsiriwa kutoka lugha gani, na yameacha nini? Na mwendo wa picha ni ule wa asili?

Majibu yake na yaandikwe katika karatasi na kutiwa ndani ya bweta lenyewe. Kazi hiyo haigharimu kitu, nayo itamfaa atakayelirithi, kwa maana sahani huweza kuishi miaka mingi kuliko kumbukumbu ya aliyeinunua. Taylor asingaliandika, mengi ya Muyaka yangalikwenda na walioyakariri.